Siku moja maabara Malindi: makohozi, madirisha na simbilisi

Saa kumi na mbili asubuhi. Ukichakarisha mfuko wa mchicha tu, uani wanaanza: wii! wii! Ni simbilisi wawili wa binti yangu. Nawaongezea kipande cha pilipili hoho, maana miili yao haitengenezi vitamini C, sawa na yetu. Wakikosa mboga wanapata kiseyeye.

Saa mbili niko kazini, mahamri bado mkononi. Vikopo kumi na kimoja vya makohozi vimepangwa mezani. Cha babu mmoja kina mate matupu, yanachezacheza kama maji.

"Babu, nataka cha kutoka kifuani."

"Mwanangu, kifua hakitoi kwa amri."

Akatoka hadi chini ya mwarobaini, akakohoa mpaka kofia ikamdondoka. Akarudi na kitu kizito, cha manjano, chenye uzi mwembamba wa damu. Hicho ndicho.

Saa tatu natia dawa ya maabara, kiasi mara mbili ya makohozi, natikisa, nangoja dakika kumi na tano, kisha kwenye katriji ya GeneXpert, mashine inayosaka vinasaba vya vijidudu. Chini ya saa mbili utajua kama kuna kifua kikuu na kama vijidudu vinaishinda rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo. Zamani makohozi yenye shaka alidungwa simbilisi, watu wakasubiri wiki kadhaa, halafu wakampasua kumtazama.

Saa nne na nusu stima ikapotea. Betri ya akiba ilikufa tangu Ramadhani na barua nimeshaandika mbili. Katriji nne zikaharibika, ya babu ikiwemo. Bahati makohozi yalibaki, nikaanza upya.

Saa saba, ugomvi wa kila siku: mtu kafunga madirisha ya barazani, eti kusi inaleta mchanga. Bi mmoja akaniambia mumewe mwenye kifua kikuu hana shida, wamemtengea kikombe na sahani yake. Usiku je? Wanalala chumba kimoja, dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu.

Nikamsimulia habari za Baltimore, Marekani. Miaka ya 1950, daktari Riley na wenzake walivuta hewa ya wodi ya kifua kikuu kwa bomba hadi kwenye vizimba vya simbilisi. Hawakumgusa mgonjwa, hawakula sahani yake. Hewa tu, na mmoja baada ya mwingine wakaambukizwa. Wengine walipelekewa hewa iliyopitishwa kwanza kwenye mwanga wa urujuanimno unaoua vijidudu, hao walisalimika.

"Kwa hiyo kikombe nimemwonea bure?"

"Bure kabisa. Mrudishie. Dirisha fungua, mbu mtilieni chandarua."

Akainuka mwenyewe akafungua la barazani. Mchanga ukaingia, hakuna aliyelalamika.

Saa tisa, majibu ya babu: kifua kikuu kipo, rifampisini inafanya kazi. Dawa miezi sita, na wajukuu wote waje kupimwa.

Usiku nikamsimulia binti yangu. Akauliza wale wa Baltimore waliishia wapi. Nikamwambia kweli: waliuawa, wakapasuliwa mapafu ili ionekane kama wameambukizwa. Akanyamaza, akaenda uani kuwaongezea hoho wale wake, yote iliyobaki, na mimi nilikuwa nimeiweka ya mchuzi.