Mapigo ya moyo wangu na ya baba J

Tangu mama afariki mwaka juzi nlikua naamka saa tisa usiku moyo unadunda kama nimefukuzwa na mbwa. Nkasema hii presha. Nkaenda duka la dawa, nkapimwa, presha safi. Nkapimwa tena wiki ilofata, safi. Daktari mmoja ndo akaniambia dada huna presha una mawazo, nenda kaongee na mwanasaikolojia, na mi nlikasirika kweli, yani nimekua chizi sa?

Nkaenda hivyo hivyo. Nlitegemea nitalazwa kwenye kochi niulizwe habari za utotoni, kumbe nkapewa daftari. Unaandika kilichotokea, wazo lililopita kichwani, ulivyojisikia, halafu unaandika ushahidi. Wanaiita CBT, yani tiba ya kuongea ya kuyachunguza mawazo yako na kuyabadili. Ile ya kochi ni ya kina Freud, yule daktari wa zamani wa Vienna, na Aaron Beck, daktari wa Kimarekani aliyeanzisha hii CBT, alisomea hiyo hiyo, ila miaka ya 1960 kule Philadelphia akagundua wagonjwa wake wana vimawazo vinapita haraka haraka na hakuna anayeviuliza. Changu kilikua hiki: baba J hapokei simu, amekufa. Ushahidi? Miaka tisa ya ndoa hajapokea simu mara mia ngapi sijui, zote ama chaji imeisha ama yuko kwenye boda. Baada ya miezi miwili hivi nkaanza kulala.

Ila ndani ya nyumba bado moto. Daftari langu halikuweza kumfanya baba J aongee. Tukigombana ananuna, siku tatu nne, anakula anaoga anaenda kazini kimyaa. Tulishawahi kuitwa na wazee, mjomba na mshenga wakakaa, kila mtu akatoa mashtaka yake, mwisho mi nkaambiwa nivumilie, yeye akaambiwa apunguze hasira, tukanywa soda. Siwadharau wazee, hata sheria ya ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka mpite baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani. Lakini kikao kile kilikua kinatafuta nani mkosaji, na akishapatikana basi, mnarudi nyumbani na kununa kwenu.

Mwisho tukaenda kwa kaunsela wa ndoa, na yeye hakuuliza nani mkosaji. Alitugeuza viti tutazamane, akasema mwambieni yeye msiniambie mimi, akakaa anatuangalia tu. Weee, ni ngumu! Akatusimulia kuhusu John Gottman, Mmarekani wa Seattle, aliyekua anaweka wanandoa kwenye chumba kama nyumba, kamera zinawarekodi wakigombana huku wanapimwa mapigo ya moyo. Akakuta vitu vinne vinavyoua ndoa: kumshambulia mtu badala ya kosa lake, kujitetea, dharau, na kumfungia mwenzio mlango, yani kununa. Kibaya kuliko vyote dharau. Nkauliza dharau kama ipi, baba J akadakia hapo hapo, "Kama unavyosonya." Nkataka kusonya, nkajikuta nimeziba mdomo.

Kilichonimaliza ni hiki lakini. Akamwambia baba J aweke vidole shingoni ahesabu, pale pale katikati ya ugomvi wetu wa ada. Mia na kumi kwa dakika, na ametulia kama jiwe! Akasema ukizidi mia hivi kichwa hakisikii tena, ndo maana anafunga mdomo, sio kiburi. Miaka yote nlikua naona ukuta, kumbe mwenzangu anadundwa na moyo ule ule ninaoamka nao saa tisa usiku.

Nlimuuliza wasio na hela ya kaunsela wafanyeje, maana kila tukienda natoa hela ya mboga ya wiki. Akanisimulia Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza 2006 pale Mbare, mtaa wa Harare, na bibi 14, aliwafundisha wakae kwenye mabenchi waongee na watu. Hawasemi ugonjwa wa akili, wanasema kufungisisa, kuwaza kupitiliza. Ndo yale yale mawazo yetu.

Sheria yetu sasa hivi ni dakika zisizopungua 20. Moyo ukipanda unasema unatoka na unataja saa ya kurudi, hakuna kuondoka kimya. Jana tumeanza tena habari ya ada, baba J akasema naenda kwa Mangi, saa mbili kamili ntakua hapa. Alirudi saa mbili na dakika kumi na chipsi mayai mkononi tukaendelea tulipoishia. Nlisonya kidogo, ila akiwa ameshatoka getini.