Nilivyopika peptidi kwa maikrowevu Dar, na chupa iliyonuka Feri

Naandika hii maana wakati nahangaika sikupata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili. Nilikuwa nasoma masta kwenye chuo kimoja hapa Dar, nikapewa kazi ya kutengeneza peptidi inaitwa ACP 65-74, yaani kipande cha protini chenye asidi amino 10 ambacho wakemia hukitumia kujaribia njia mpya kwa sababu ni kisumbufu balaa.

Njia yenyewe ni ya mkemia Merrifield ya mwaka 1963, ile iliyompa Nobel 1984. Asidi amino ya kwanza inafungwa kwenye vipunje vya resini, halafu unaongeza moja moja, kila inayoingia imevaa kofia (siku hizi tunatumia inayoitwa Fmoc) ili isijiunge ovyo, unavua kofia kwa kemikali ya piperidini ya asilimia 20 kwenye kiyeyushi kinaitwa DMF, unaosha, unaunga inayofuata, unaosha tena, na hivyo hivyo mpaka mgongo uume.

Mara ya kwanza nilifanya bila kupasha, kila duru karibu saa mbili, siku mbili nzima nimeinamia sirinji. Majibu ya kupima uzito wa molekuli (masi) yakaja: nilitegemea 1063.5, ikawepo, lakini pembeni yake limesimama jitu lingine kwenye 964.5. Tofauti ni 99, yaani asidi amino ya valini haikuingia, na valini ndiyo ya mwisho kabisa, kwa hiyo nilianguka mlangoni. Sababu ni kwamba minyororo ikirefuka inashikana yenyewe kwa yenyewe kama tambi zilizopoa kwenye sufuria, ncha inafichwa katikati ya bonge na valini nayo imejaa bega, haipenyi. Tambi zilizoshikana unazifanyaje? Unazipasha.

Ndo nikaomba maikrowevu ya maabara. Sio ya jikoni! Najua ripoti ya kwanza kabisa ya peptidi kwa maikrowevu, ya 1992, walitumia ya jikoni, ila wewe usithubutu, ile haijui joto la ndani ya chombo na hapo una mvuke unaowaka. Ya maabara masafa ni yaleyale ya 2.45 GHz lakini inapima joto, inakoroga, na inapunguza nguvu yenyewe. DMF inapokea mawimbi vizuri, muda mfupi tu ishapata moto. Nikaweka nyuzi 75, kuvua kofia sekunde 30 kisha dakika 3 kwa piperidini mpya, kuunga dakika 5, asidi amino mara 5 ya resini. Ukiwa na asidi amino za sisteini au histidini shusha mpaka 50 kwenye kuunga, la sivyo zinageuka umbo, mimi sikuwa nazo. Asubuhi nimeanza, jioni nimemaliza, nikapanda daladala nacheka peke yangu.

Majibu ya pili: 964.5 karibu imepotea, valini imekubali. Ila kuna kitu kipya kwenye 1134.5. Toa 1063.5 unabaki na 71, hiyo ni asidi amino ya alanini. Alanini ya ziada, imetoka wapi? Nililaumu mizani, nikalaumu hesabu zangu, wiki nzima.

Aliyeniokoa ni mzee wetu wa stoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo DMF umeitoa wapi?"

Nikamwonyesha, juu ya kabati la dirishani, na ilikuwa Februari, unalijua joto la Dar la Februari. Akafungua, akapunga mkono kuvuta hewa kidogo puani, akarudi nyuma. "Kijana wangu, hii inanuka Feri saa kumi na mbili asubuhi."

Na kweli, soko la samaki la Feri kabisa. DMF ikikaa kwenye joto inavunjika kidogo kidogo inatoa dimethilamini, ndo ile harufu ya samaki, na yenyewe inavua Fmoc kama piperidini, sema polepole. Kwa hiyo katikati ya kuunga kofia ya alanini ilikuwa inavuliwa kabla ya wakati na alanini nyingine inapanda juu yake. Nyuzi 75 zilikuwa zinaharakisha kuunga, na zinaharakisha huo uchafu vilevile. Nilipofanya bila kupasha nilitumia chupa hiyohiyo na sikuona kitu.

Nikafungua chupa mpya, nikapitisha nitrojeni, nikaiweka kwenye giza. Kingine, asidi amino zikitoka kwenye friji usifungue kichupa mpaka kiishe ubaridi, unyevu wa hapa kwetu unageuka maji ndani kama jasho la chupa ya soda. Na etha ya kudondoshea peptidi mwishoni inachemka kwenye nyuzi 34.6, chumba chetu bila AC kinakaribia hapo, nilikuwa naiona inapungua kwenye bika huku naitazama. Friji ya kawaida usiiweke, cheche moja tu imekwisha, nilinunua barafu za mia mia kwa mama wa jirani nikazitia chumvi.

Mara ya tatu umeme ukakatika baada ya asidi ya saba, asee! Bahati kofia ilikuwa bado imevaliwa, nikaosha nikaacha mpaka kesho. Majibu yakaja na 1063.5 imesimama karibu peke yake.

Ile chupa ya zamani bado inasubiri kwenda na taka za kemikali. Mzee ameiandika kwa maka peni: SAMAKI.