Spika na Hedifoni za Kompyuta kwa Bei Nafuu: Nilivyozipata Hapa Moshi

Mimi hurekodi na kuhariri nyimbo za kwaya kwa kompyuta mpakato hapa Moshi, na kwa kazi hiyo nilihitaji spika na hedifoni zinazosema kweli, si zinazopamba. Nilizipata kwa bei ya simu ya kawaida, na ninalisema hilo kwa majivuno kidogo, kwa sababu kama ningewasikiliza washauri wangu ningelipa zaidi ya mara mbili na kuambulia kelele.

Muuzaji mmoja karibu na stendi alinionyesha sabufa yenye taa za rangi na maandishi makubwa ubavuni: PMPO wati 3,000. "Mwalimu, hii itatikisa kanisa zima," aliniambia. Sikubishana naye. Niliomba tu kuigeuza nisome kibandiko cha nyuma, panapoandikwa umeme unaoingia, na pale paliandikwa wati 60. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati 3,000 za muziki mfululizo, hata kikiombewa; PMPO ni hesabu ya kilele cha kufikirika tu. Adapta nayo husomwa vivyo hivyo: volti 12 mara ampea 3 ni wati 36, basi. Siku hizi hugeuza kila kifaa kabla ya kuuliza bei, na wauzaji kadhaa wamekwisha kuniona msumbufu.

Nilichukua jozi ya spika ndogo za mtumba zenye amplifaya ndani yake, bila taa wala sabufa, kwa laki na ushei baada ya kupatana. Ziwekwe mbali kidogo na ukuta, la sivyo besi huvimba, na kispika kidogo cha juu kielekee masikioni.

Kwa upande wa hedifoni, mpwa wangu aliyeko Arusha alinipigia simu: "Mjomba, usinunue chini ya omu 250, hizo ndizo za studio." Omu ni kipimo cha jinsi hedifoni zinavyoukinza umeme. Mpwa wangu hakujua kwamba hata hedifoni za Beyerdynamic DT 770 Pro, anazozisifu sana, hutengenezwa pia kwa omu 80 na omu 32, na kwamba zile za 250 zinahitaji volti nyingi kuliko tundu la kompyuta nyingi linavyoweza kutoa, hivyo sauti hutoka hafifu na mtu hujikuta akitafuta amplifaya ya ziada. Nilinunua za omu 32 za kawaida, zinazofunika masikio, nikazichomeka kwenye adapta ndogo ya Apple ya USB-C yenye tundu la hedifoni, elfu thelathini na kitu. Mkwaruzo uliokuwa ukisikika kila nilipogusa kipanya ulitoweka palepale.

Kilichobaki ni mvumo wa spika, na hapa ndipo fundi mmoja aliponiudhi kweli. Alishauri nikate pini ya ethi kwenye plagi, ile ya tatu inayopeleka umeme ardhini, eti "kelele inapitia hapo." Kelele ilipitia hapo kweli, lakini pini ya tatu haikuwekwa kwa ajili ya kufungua soketi tu, kama wanavyodhani wanaochomeka kalamu, ndiyo inayomkinga mtu umeme unapovujia kwenye bati la kifaa. Badala ya kisu nilitumia akili. Nilichomoa chaja ya kompyuta muziki ukiendelea, na mvumo ukakatika, nilipoirudisha, ukarudi. Maana yake chaja na spika zote zilikuwa na njia ya ethi, waya wa sauti ukaziunganisha kwa njia ya pili, na mzunguko ukakamilika, ndio ulioleta mvumo.

Nilikwenda kwa wauza redio za magari, nikaulizia kile kiboksi kidogo cha kuzuia mvumo kinachofungwa kwenye waya wa sauti. Ndani yake mna transfoma mbili ndogo zinazopitisha muziki kwa usumaku bila waya wa upande mmoja kugusana na wa upande wa pili. Muuzaji alishangaa kusikia kwamba sina gari. Nilikilipia elfu kumi na kitu, nikakifunga kati ya kompyuta na spika, na kimya kikaingia huku ethi ikiwa salama mahali pake. Transfoma za bei hiyo hupunguza kidogo besi ya chini kabisa, kwa hiyo sauti ya nne ya kwaya huikagulia kwenye hedifoni, ambazo hazipiti kwenye kiboksi hicho.