Gramu 20

Leo mwanangu kaongezeka gramu 20, nikalia mbele ya nesi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Ana wiki tano. Alizaliwa na tundu kwenye moyo, na upasuaji unasubiri kwanza apate uzito. Sikujua kunyonya ni kazi ngumu hivi! Ananyonya dakika kumi, jasho linamtiririka kwenye paji la uso, anahema mbiombio, kisha usingizi unamchukua na njaa yake bado anayo. Mwanzoni nilijilaumu, nikadhani maziwa yangu ni mepesi. Kumbe moyo na mapafu vinamaliza nguvu zote kabla mwili haujapata za kukulia. Daktari alinieleza kuwa mtoto wa hivi anaweza kuhitaji hadi kalori 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wakati mwenzake mwenye moyo mzima hutosheka na kama 110.

Sasa ananyonya kwa muda mfupi, usiozidi nusu saa. Kinachobaki nakamua, kinapita kwenye mpira mwembamba wa puani, kikiwa kimeongezewa kirutubisho alichopima mtaalamu wa lishe. (Tafadhali msiniambie nimpe maji ya glukosi, mashangazi wote wameshaniambia. Maji mengi yanaulemea moyo wake.)

Mpira ule niliuchukia siku ya kwanza. Siku ya tatu nilimwona amelala bila kukunja uso, nikaukubali.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunapima tena.