Gesti ya Mjomba

Mjomba aliendesha malori kutoka bandarini Dar hadi Tunduma, na mara nyingine hadi Lusaka, kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu ndipo ikajulikana kwamba kitandani hapati usingizi. Kitanda anacho, cha mninga, godoro zuri, lakini ikifika saa nane usiku mkewe anapapasa ubavuni hakuna mtu. Mtu yuko nje, kaketi kwenye pikapu ya jirani, kafumba macho.

Basi akanunua Hiace iliyochoshwa na daladala, mstari wa rangi wa ruti yake bado uko ubavuni. Akang'oa viti vyote vya nyuma, akapiga mbao, akaweka godoro la futi tatu, jiko la gesi la mtungi mdogo, dumu la maji la lita 20 na pazia la khanga kuukuu. Watoto wa kwetu Mtoni hawakuchukua hata siku mbili kuipa jina: Gesti. Mkewe hakulipenda jina hilo, na unaweza kuelewa kwa nini.

Januari 2014, siku za mwezi mpevu, akaniambia, "Jumamosi tunakwenda pwani. Wewe ndiye utingo."

Nikacheka. Mtu wa Dar unamwambiaje kwamba mnakwenda pwani? Ila nilipofikiria, nikaona ana haki. Bahari yake yeye ilikuwa makontena, foleni ya geti na winchi za meli. Mimi yangu ilikuwa Coco Beach siku ya Idi, ambako maji huyaoni kwa watu.

Tulipita kwa pantoni, daraja la Kigamboni likiwa bado linajengwa. Dereva peke yake ndiye anayebaki garini. Mimi nikakata tiketi ya shilingi 200 na kupanga foleni na wenye ndoo za samaki wa Feri. Mkata tiketi za magari alichungulia ndani, akaona godoro na sufuria, akamuuliza Mjomba hili ni gari la abiria au la mizigo. "Ni nyumba," alijibu. Akatozwa kama daladala.

Baada ya Mjimwema kulikuwa na vumbi, mashimo, minazi, vibanda vya madafu. Tulipofika Gezaulole Mjomba, Mzaramo wa damu, akanifundisha kwamba jina hilo maana yake ni "jaribu uone". Alilisema kwa furaha kubwa. Ningemkumbusha baadaye.

Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Sikuwa nimewahi kuona bahari imeondoka namna ile: ngalawa zimelala kavu kwenye tope, na mwamba umejitokeza mbele, kijani na kahawia. Tukavua viatu tukatembea, suruali zimekunjwa hadi magotini, Mjomba akichechemea kwa visigino vilivyozoea pedeli. Kaa wadogo walikuwa wakitoweka shimoni hatua kumi kabla hatujafika.

Kule mwambani tukamkuta mama mmoja, kajifunga khanga kiunoni, na kichuma chembamba mkononi. Mjomba akamwamkia, akamuuliza anawajuaje pweza walipo. Mama akaonyesha tundu ambalo mimi nilikwisha kulipita. "Tazama mlangoni kwake." Palikuwa na magamba ya kaa na vikombe vya chaza, vimesukumwa nje kama takataka za mpangaji mvivu. Akaingiza kichuma, akachokoa polepole, na mkono mmoja mwekundu ukapanda juu ya chuma, ukakishika, ukafuatwa na mingine. Akamvuta, akamgeuza kichwa nje-ndani kama soksi, kisha akampiga mwambani hadi nikaacha kuhesabu. Mjomba akamnunua palepale.

Kosa lilikuja baada ya chakula. Mjomba alitaka supu yake aishushie karibu na maji, mlango wa nyuma wazi, na ule mchanga wa chini ulionekana mgumu kama lami. Nikamwambia tubaki kwenye mivinje. Akaniuliza nani ameshuka mlima Kitonga na tani thelathini mgongoni, mimi au yeye. Hatukufika mbali. Magurudumu ya nyuma yakazama hadi nusu, na kila alipokanyaga mafuta, yalijichimbia zaidi.

Kijana mvuvi aliyekuwa akishona nyavu akaja, akatazama gari, akatazama bahari. "Mzee, leo bamvua, maji makubwa. Saa kumi hapa ulipo ni maji ya kifua."

Ilikuwa saa saba na nusu.

Nilimwona Mjomba akinyamaza. Barabara alizijua, lakini barabara haikuwa imewahi kumfuata. Wavuvi wakatuagiza tupunguze upepo magurudumu yote manne, tuchimbe kwa sahani na masufuria, tutandike makuti. Kamba ya ngalawa ikafungwa mbele, wanaume kumi na wawili wakaishika, mmoja akiimba, wengine wakiitikia. Mara ya tatu maji yakiwa yamelowesha magurudumu ya nyuma, Gesti ikatoka na mngurumo, makuti yakaruka nyuma, na mimi nikaanguka kifudifudi na sahani yangu. Mjomba akatoa noti. Wakachukua ya soda tu, wakatuachia pampu ya baiskeli. Upepo tuliujaza kwa zamu hadi Alasiri.

Saa kumi tulikuwa chini ya mivinje, tukitazama mahali petu pa mchana. Hapakuwepo. Mawimbi ya kaskazi yalikuwa yanapita juu yake kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kula supu pale.

Usiku godoro nililala mimi. Niliposhtuka, nje kulikuwa na mwezi na bahari imeondoka tena. Mjomba alikuwa kwenye kiti cha dereva, kichwa kimeegemea kioo, anakoroma. Mapajani lilikuwa daftari lake la safari, lilelile la enzi za lori, na mstari mpya kwa kalamu ya bluu: Mtoni–Gezaulole, km 29, mzigo pweza 1, utingo mbishi lakini mkweli.