Kazi ya miguu imehamia kitini

Zamani, kazi yetu ya clearing, yaani kutoa mizigo ya wateja bandarini, hapa Mombasa ilikuwa kazi ya miguu. Niliianza nikiwa msichana wa kutumwa: faili kwapani, toka Moi Avenue, teremka Kilindini, ingia forodha, nenda benki, kisha rudi ulikotoka maana muhuri mmoja umekosekana. Leo kontena la futi 40 nalitoa bila kuinuka. Fomu ziko mtandaoni, ushuru unalipwa mtandaoni, mteja wa Kampala anatuma makaratasi kwa WhatsApp. Hata wali wa mchana unaletwa na bodaboda mpaka mlangoni.

Ndiyo maana sipendi watu wanapoilaani simu peke yake kwa maumivu ya miili yetu. Kilichotuumiza zaidi ni kwamba miguu haina tena pa kutumwa.

Mimi dalili niliiona kwenye mswala. Kuweka mikono chini ukiinuka kutoka sujudi ni kawaida yetu, lakini nikawa nashika na mguu wa kitanda, na hamsini sijaifika. Kiuno nacho kikawa kinawaka kila jioni. Nilimaliza chupa nzima ya mafuta ya kuchua kabla sijaenda kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, kijana mdogo tu, mpole.

Alinilaza ukingoni mwa kitanda. "Mama, kumbatia goti la kushoto kifuani, wa kulia uache uning'inie." Paja la kulia lilitakiwa lishuke lilale sawa na kitanda. Langu likabaki hewani, kana kwamba limefungwa kamba darini. Akalibonyeza kidogo, nami nikasikia mvuto mpaka mgongoni. Akanieleza: kuna msuli unaoanzia kwenye pingili za kiuno, ukapita ndani ya nyonga, ukashika paja. Ukikaa, msuli huo umejikunja. Ukikaa hivyo siku nzima, miaka na miaka, unazoea ufupi, na ukisimama unakivuta kiuno. Kumbe mafuta nilikuwa napaka pasipo na ugonjwa.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva amekaa zamu nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva. Mwaka 1956 wakatazama hata saizi za suruali za sare, na viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Hapo pana utata kidogo: huenda wanene ndio walioishia kwenye usukani tangu mwanzo. Lakini tafiti nyingi za baadaye zimeelekea kulekule. Morris mwenyewe aliishi hadi miaka 99.

Basi mtazame makanga wa matatu za Bamburi asubuhi. Anaruka, anakimbia, anagonga bodi, anadandia. Dereva wake kitambi kinakaribia usukani. Sisemi makanga ana afya njema, majani ya muguka anayotafuna na moshi ule tunayajua, ila miguu yake inafanya kazi.

Wenzangu ofisini wana jibu moja: jioni tutakwenda Laitihausi, pale ufukweni, kutembea. Vizuri. Wakifika wananunua mihogo, wanakaa, wanatoa simu. Na hata anayetembea kweli ana hesabu ngumu. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2016, uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni 1, ulionyesha kwamba anayekaa zaidi ya saa 8 kwa siku anahitaji kama dakika 60 hadi 75 kila siku ili hatari ya kufa mapema isimzidi. Dakika 75, Februari ya Mombasa, ndani ya buibui! Nani huyo?

Kwa hiyo nimeamua kukikata kile kikao chenyewe. Misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayosukuma damu kurudi juu. Ikitulia, jioni vifundo vimevimba na viatu vinabana. Simu za wateja nazipokea nimesimama, natembea ukumbini, na wateja wa Uganda wanapenda maongezi marefu, alhamdulillahi. Macho bado yananishinda. Ukikodolea skrini husahau kupepesa, na kiyoyozi kinamalizia kuyakausha. Wanashauri kila dakika 20 utazame kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Dirisha letu linatazamana na ukuta wa jirani, mita 2 hazifiki. Inabidi nitoke mpaka kwenye ngazi.

Tuktuk ya kurudi Kibokoni nimeiacha pia. Napita Makadara kwa miguu, na mabibi wa barazani wameshaniuliza: "Mwanangu, mumeo hakupi hata nauli?" Nawaambia ananipa, naila. Wanacheka, lakini naona hawajaniamini.

Ofisini nimeihamisha printa kutoka ubavuni mwangu hadi ile pembe ya stoo. Bosi amelalamika kwamba iko mbali. Nimemwambia waya wa umeme ndio unaofika kule tu.