Nguo, gundi na rangi: nilivyokivalisha kidau changu bila faiba

Kidau changu cha plaiwudi kina urefu wa mita 3.2, na huu ni msimu wa nne kinalala juu ya magogo mawili ya mnazi nyuma ya nyumba, hapa Tanga, kikinyeshewa na mvua za masika na kuchomwa na jua la kaskazi. Hakijavalishwa faiba, ile nguo ya nyuzi za kioo. Kimevalishwa nguo ya pamba iliyogandishwa kwa gundi nyeupe ya maseremala, kisha kikapakwa rangi ya maji ya nje, ile iliyobaki nilipopaka ukuta wa uani. Nimeulizwa mara nyingi namna ya kuifanya kazi hii, na kwa kuwa mara ya kwanza niliiharibu, naona ni haki niyaeleze yote mawili.

Jambo ambalo sikulielewa mwanzoni ni kwamba nguo haizuii maji. Kinachozuia maji ni rangi. Plaiwudi iliyopakwa rangi peke yake hupendeza kwa miezi michache, kisha hupasuka palepale vipande viwili vinapokutana, kwa sababu mbao huvimba zinapopata unyevu na kunywea zinapokauka, na utando wa rangi ni mwembamba mno kustahimili ufa unaofunguka na kufumba kila siku. Maji yakishaingia humo hutuama kati ya matabaka, na unyevu ukizidi takriban asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu, kuvu wanaoozesha mbao huanza kupata makao. Nguo hufanya ndani ya rangi kazi ifanywayo na nondo ndani ya zege: inaushika utando wote kwa pamoja, ili maungio yakicheza kidogo rangi iliyo juu yake isikatike. Ukilifahamu hilo, mengine yote yanafuata, na utaacha kuuliza ni nguo gani isiyopitisha maji, kwa maana hakuna haja ya kuwa nayo.

Ufundi huu ni wa siku nyingi. Mwishoni mwa karne ya 19, mafundi wa jimbo la Maine huko Marekani walikuwa wakitandaza turubai la pamba juu ya mitumbwi ya mbao nyembamba za mwerezi, wakijaza matundu ya ufumaji kwa mchanganyiko wenye mafuta ya kitani, ndipo wakipaka rangi. Paa za mabehewa ya treni Uingereza nazo zilifunikwa kwa turubai lililolazwa juu ya rangi nzito. Siku hizi Wamarekani wanaojitengenezea vibanda vya kulala vya kukokotwa na gari huvivalisha hivyo hivyo, tena wengine hujenga kuta kwa mabamba ya povu gumu badala ya mbao, wakaiachia nguo na gundi kazi ya ngozi. Kwetu nguo yenyewe ina historia: marekani tuijuayo, ile isiyopaushwa, ilipata jina kwa kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara kutoka huko katika karne ya 19, na watu wa pwani waliivaa, wakazikia maiti, na wakashonea matanga.

Kabla ya kuanza nilikwenda kumwona fundi mmoja mzee anayeunda majahazi. Nilimwamkia, nikamweleza nia yangu, akanisikiliza hadi mwisho ndipo akaniuliza, "Mwanangu, chombo chako ni cha mbao au cha karatasi?" Nilipomwambia ni cha plaiwudi, akasema basi nifanye nipendavyo, ila nisithubutu kumshauri mwenye dau la mbao nene afanye vile. Sababu yake ni nzuri na inafaa kuandikwa. Dau hutiwa kalafati ya pamba kati ya mbao, hupakwa sifa (mafuta ya papa) juu na deheni (chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama) chini, na linaposhushwa majini mbao huvimba zikaibana ile kalafati. Yaani chombo chenyewe kinategemea mbao zinywe maji na zicheze. Ukilivika nguo na rangi kwa nje, maji yanayoingia kwa ndani hayapati pa kukaukia, na mbao huoza chini ya vazi zuri bila mtu kuona. Nguo ni ya plaiwudi, ambayo inatakiwa isilowe kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Nilinunua marekani nzito, maana turubai halisi la pamba siku hizi ni adimu na ukiuliza dukani utaletewa la plastiki, ambalo gundi hii hailishiki. Niliifua mara mbili kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu nguo mpya ina wanga wa kiwandani unaozuia gundi kupenya, na kwa sababu pamba ikishanywea kwenye beseni haitanywea tena juu ya chombo na kujivua kwenye kona. Plaiwudi niliipiga msasa, nikafuta vumbi, nikaziba vichwa vya misumari kwa puti, kisha nikaviringisha kwa msasa kingo zote hadi zikawa kama ukingo wa sahani. Usilirukie hili, nguo haikai juu ya kona kali, na hata ikikaa, rangi ya hapo itakuwa nyembamba kuliko kwingine kote.

Gundi niliichanganya na maji kidogo, sehemu 1 ya maji kwa 4 za gundi, nikapaka ubao kwa rola eneo la mkono mmoja kwa wakati, nikailaza nguo na kuisukuma kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni. Kiganja ni bora kuliko chombo chochote, kwani kinasikia kiputo cha hewa kabla jicho halijakiona. Kisha nikapaka gundi nyingine juu ya nguo hadi ikabadilika rangi kote na kuwa nyeusi kidogo, kama shati lililoloa jasho; pakibaki doa jeupe, hapo gundi haijapenya. Ilipokauka, nilipaka rangi mikono mitano: wa kwanza mwepesi ili uingie kwenye nyuzi, mingine mizito, nikisubiri siku nzima kati ya mmoja na mwingine. Ukipitisha kidole na bado ukausikia ufumaji, rangi haijatosha.

Nilikosea hapa. Mara ya kwanza nilitumia gundi ya kawaida ya dukani, na kopo lake halikudai popote kwamba inastahimili maji, nami sikujali. Nilikwenda kuvua, nikarudi, na kwa uvivu nikakiacha kidau kimetiwa nanga siku nne wakati wa bamvua. Nilipokivuta pwani, nguo ya chini, karibu na tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo, ilikuwa imefura na kuwa nyeupe kama vidole vya mtu aliyefua kutwa nzima. Nilishika ncha nikavuta, ikatoka kipande cha urefu wa hatua mbili bila kulalamika. Gundi nyeupe ikilowa muda mrefu hurudi kuwa uji, na penye mchubuko mmoja wa mwamba maji yalikuwa yamepata mlango. Nilibandua yote, nikaanza upya kwa gundi iliyoandikwa kuwa ya nje, na tangu hapo kidau hakilali majini. Anayetaka chombo cha kukaa nanga mwezi mzima na atafute epoksi, ile gundi ya kemikali isiyolainika majini, na faiba, alipe gharama yake, alale usingizi.

Kwa kibanda cha kulala juu ya pikapu, shida hiyo haipo, na hapo ndipo naona mbinu hii inafaa zaidi. Cha kwangu, nilichokivalisha nguo vivyo hivyo, kimepanda kutoka Mombo hadi Lushoto mara kadhaa, katika ukungu na manyunyu, bila tone kupita kwenye paa. Kilichonisumbua ni maji ya ndani: watu wawili wakilala humo usiku wa baridi wakiwa wamefunga kila kitu, pumzi yao hutona dari ikalowa, na mwaka jana nilikuta madoa ya kuvu nyuma ya godoro. Nimetoboa matundu mawili ya hewa chini ya mwisho wa paa, nikayawekea wavu wa mbu, na ndani sikupaka rangi ya mafuta. Nilipoyatoboa ilinibidi kulowesha kingo za nguo iliyokatwa kwa gundi na kuzipaka rangi mikono mitatu, maana uzi wa pamba uliobaki wazi hufyonza maji kama utambi wa taa. Kingo hizo ndizo ninazozikagua kwa kidole kila Februari, kabla masika haijaingia.